Mvua Iliyomkuta Mzee Asanteni

Ujiji, Jumapili asubuhi

Bi Sauda wangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nimejaribu kuianza barua hii bila shikamoo nikashindwa. Kalamu ilikataa. Basi pokea shikamoo yako, tuendelee.

Huku hatujambo. Binti yako Mwajuma ni mzima, amenenepa kidogo, na ameanza kuongea kama wewe mpaka anatutisha. Juzi alimkaripia muuza migebuka aliyetaka kumpa samaki wa jana, na alimkaripia kwa sauti yako ile ile, yule baba akageuka nyuma kutazama ni nani anaongea. Nyumba yako imepakwa chokaa. Na kikundi chetu cha michezo ya kuigiza, Bi Sauda, kikundi hakijafa.

Hilo ndilo hasa lililonikalisha niandike. Siku ile ya mwisho hospitalini uliniuliza kwa sauti ndogo, "Yusta, Tucheke Kwanza itakufa?" Nikakujibu haitakufa. Nilikuwa nakudanganya. Nilikuona umechoka, nikakupa neno la kulalia. Kisha nikatoka nje nikaegemea ukuta nikalia, kwa sababu sikuwahi kukudanganya kabla ya hapo, ukiacha ile siku niliyokwambia jenereta lina mafuta. Sasa nataka kukwambia jinsi ule uongo ulivyogeuka kweli. Nitajitahidi kwenda kwa mpangilio. Ulikuwa unasema mimi nikisimulia jambo naanzia mkiani.

Baada ya arobaini yako tulikaa barazani kwako. Tulikuwa saba tu. Ramso, mchekeshaji wetu, ambaye ulisema hata akiugua watu watamcheka, siku hiyo hakuna aliyemcheka. Alisema kwa upole kwamba labda tugawane ngoma na nguo za michezo, kila mtu abaki na ukumbusho wako, tuagane vizuri. Hakuna aliyembishia. Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alishapata kazi ya kwenda ziwani, mwingine mumewe alikuwa hataki tena habari za mazoezi. Mwajuma alikuwa anatazama sakafu. Nikaona Ramso ameinuka kulifuata sanduku la nguo, na kabla sijafikiri nikasema kwamba haiwezekani kugawana, kwa sababu tuna mchezo mpya, nimeshauandika, na tutauonyesha Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa, saa kumi alasiri.

Sikuwa nimeandika hata mstari.

Lakini ni wewe uliyenifundisha. Hujawahi kungoja mchezo ukamilike ndipo utafute siku. "Tangaza siku kwanza," ulikuwa unasema, "akili itakuja mbio nyuma yake." Ramso akaketi. Kesho yake aliwaambia wanywa kahawa wa hapa Ujiji, na ukishawaambia wanywa kahawa wa Ujiji umeshawaambia mpaka walioko Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ikawa hakuna tena kurudi nyuma.

Mimi wa kuandika mchezo! Unakumbuka nilivyokuja kwako. Msichana wa Simbo, Kiswahili changu kimejaa Kiha, miguuni viatu vya dada yangu. Nilitaka kuwa mwigizaji. Ukanipa nafasi ya mjane anayemlilia mumewe, nikalia kwa moyo wangu wote, na watu wakacheka mpaka Ramso akaanguka kwenye benchi. Ukaniita pembeni. "Mwanangu, kuigiza huwezi," ukasema. "Lakini nimeona ulipoingia umepanga viti bila kuambiwa, na yule bibi asiyesikia vizuri umemweka mbele. Njoo kesho." Nililia njia nzima mpaka Simbo, na nililia vizuri kuliko nilivyolia jukwaani. Kesho yake nikaja.

Kazi uliyonipa sikuijua hata jina. Waliosoma wanaiita utayarishaji. Wewe ulijiita mwenye shughuli, kama ilivyo kwenye harusi: yule asiyecheza, asiyekula mapema, asiyeonekana kwenye picha, lakini akilala yeye shughuli nzima imelala. Nilifuatilia kibali, nikashika funguo za ukumbi, nikatafuta mafuta ya jenereta, nikashona vifungo, nikapatanisha waigizaji waliogombania kioo. Na kila mara kabla watu hawajaingia ulinituma nikakae kwenye kiti cha mwisho kabisa, kule kona ya nyuma. Wewe ulisimama jukwaani ukasema neno kwa sauti ya kawaida, kisha ukaniuliza nimesikia nini. Nikikosea, ulianza kupanga upya. Siku moja nilichoka nikakwambia mtu mmoja wa kona si kitu. Ukanijibu, "Aliyekaa pale naye ametoka nyumbani kwake."

Basi nikaandika. Niliandika asubuhi kabla ya biashara yangu ya kukodisha viti na maturubai, nikiwa nimekaa juu ya mafungu ya viti vya plastiki. Mchezo wenyewe nikauita *Bomba la Mzee Asanteni*. Ni habari ya mtu anayewavutia maji majirani zake, jambo jema kabisa, halafu kila asubuhi anasimama pale bombani, mikono nyuma, kungoja kushukuriwa. Asiyeshukuru anaambiwa leo maji hayana presha. Mwishowe wanawake wanarudi kuchota ziwani, si kwa kukosa maji, ni kwa kuchoka kusema asante.

Nilipomaliza sikuwa na wa kumsomea. Wewe ulikuwa unanisikiliza huku unachambua mchele. Mikono yako ikisimama juu ya ungo, kile kipande kimefaulu. Ikiendelea kuchambua, ulikuwa husemi kitu na mimi nilikuwa sina haja ya kuuliza, nilikuwa nakikata. Nilimwomba Mwajuma akae na ungo nimsomee. Alikaa, akachambua mawe mawili, akachukua simu. Nikasoma mpaka mwisho. Nilipoinua macho nikakuta simu imezima mkononi mwake na yeye anafuta machozi kwa kicheko. Nikasema basi, kila mtu ana ungo wake.

Sasa ngoja nikwambie kosa langu, maana ndilo lililonifunza.

Unamkumbuka Mama Nyabenda, yule mfanyabiashara wa mawese anayekaa Rusimbi, mwenye stoo yake Bangwe? Alikuja kwangu kukodi viti vya kipaimara cha mjukuu wake. Wakati tunapakia akaniuliza kama ni kweli Tucheke Kwanza wana mchezo. Nikasema kweli. Akaniambia kwamba mwaka aliomuuguza mumewe alikuja kwenye mchezo wetu mmoja, alasiri moja tu, akacheka, na kwa mwaka ule mzima hiyo ndiyo siku pekee aliyokumbuka kwamba ana meno. Akasema angependa kutusaidia: ukumbi, vitambaa vya nguo, mafuta. Hakutaja sharti lolote. Nilimuuliza anataka nini kwetu, akasema anataka kiti.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nikafika mlangoni nikasimama. Mama Nyabenda ndiye aliyevuta bomba la mtaani kwao Rusimbi. Kila mtu anajua. Na mimi hapa nimeandika mchezo wa kumcheka mtu aliyevuta bomba.

Bi Sauda, kilichonipata sikuwahi kukiona kwako. Niliogopa. Nikakaa siku tatu nikaugeuza mchezo. Mzee Asanteni nikamfanya mtu wa hekima, mpole, asiyetaka shukrani, anayetoa hotuba ndefu kuhusu wema. Majirani ndio wakawa wabaya, wasio na fadhila. Mwishoni wote wanapiga magoti. Nilipompa Ramso maneno mapya aliyasoma, akakuna kichwa. "Yusta," akasema, "huyu mzee zamani nilikuwa naye. Sasa hana kasoro hata moja, sijui nimshike wapi." Nikamwambia kwa ukali afanye kazi yake. Mazoezi yakawa kama kikao cha kamati. Watu walianza kuchelewa. Mwajuma alinitazama tu, na unajua anavyotazama.

Jumamosi moja asubuhi Mama Nyabenda akaja kuona mazoezi. Nilimwekea kiti chenye mito, mbele kabisa, na kitambaa cha mezani juu yake. Ramso alipofika katikati ya hotuba ya wema tukasikia mkoromo. Alikuwa amelala, kilemba kimemshuka jichoni. Ramso akaendelea kuhutubia kwa heshima ya mgeni, sauti yake ikawa inapanda na kushuka na ule mkoromo, na sisi wengine tukawa tunaumana midomo. Mimi sikucheka. Nilijiona nimekuua mara ya pili.

Alipoamka aliomba radhi, akasema amechoshwa na safari ya Kasulu. Kisha akaniomba nikae karibu naye.

"Mwanangu, nani alikwambia nataka kusifiwa?" akaniuliza. "Mmenivika kilemba cha ukoka, na mimi nilikuja kucheka."

Nikamweleza yote. Sikuficha. Akasema nimletee yale maandiko ya kwanza nimsomee, pale pale. Nilikuwa nayo kwenye mkoba; sikujua kwa nini nilikuwa bado natembea nayo. Nikasoma. Nilipofika kwenye "leo maji hayana presha" alishika ubavu. Alicheka mpaka Ramso akaanza kuigiza bila kuombwa, akaenda kusimama penye ndoo, mikono nyuma, shingo imenyooka. Mama Nyabenda akawa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Halafu akatuhadithia jambo lake. Alisema lile bomba la Rusimbi lilipoanza kutoa maji, wiki ya kwanza alikuwa anapita pale mara tatu kwa siku, bila ndoo. Hakuwa na safari. Alikuwa anataka tu mtu aseme neno. Siku moja binti wa jirani akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," akajitwika maji yake akaenda zake, bomba hakulitaja. Mama Nyabenda alishinda na hasira siku nzima. Jioni alipojitazama akaona aibu, akacheka peke yake, na hajawahi kumwambia mtu mpaka siku ile.

"Liandike hilo," akasema. "Ila usimpe mawese. Mpe chumvi."

Basi Mzee Asanteni wetu ni mfanyabiashara wa chumvi. Na kile kipande cha kupita bila ndoo ndicho kipande bora kuliko vyote katika mchezo, na si mimi niliyekitunga. Bi Sauda, ulinionya mara nyingi juu ya wafadhili: mpe kiti, usimpe kalamu. Nililishika neno hilo, lakini nililishika upande mmoja. Mama Nyabenda hakunyoosha mkono kuitaka kalamu. Mimi ndiye niliyemkimbilia nayo. Na nilimkosea kwa kumwona mdogo kuliko alivyo. Mtu anapokuja na moyo wa kutoa, tunaogopa upesi sana hata hatumuulizi amekuja kufanya nini.

Zilibaki wiki mbili. Tulifanya mazoezi kama watu waliotoka kifungoni. Ramso alimpata mzee wake tena. Yule aliyekatazwa na mumewe alikuja na mumewe mwenyewe; mume akakaa pembeni, akaishia kupiga ngoma.

Alhamisi ya mwisho wenye ukumbi wakatuita kutuambia ukumbi hautapatikana. Kuna kikao cha wageni, wanaomba radhi sana. Nilisimama pale na risiti yangu nikaomba nikabembeleza, haikusaidia. Kurudi barazani nikawakuta wenzangu wameshakubaliana tuahirishe wiki mbili. Ilikuwa busara. Hata mimi nilitaka. Lakini nilikumbuka ule mwaka ulipougua malaria ukaja umefungwa shuka, ukakaa nyuma ya pazia unatetemeka, ukaniambia siku ikishatangazwa si yetu tena, ni ya watu. Nikasema hatuahirishi. Nina maturubai, nina viti, nina spika. Kitu nisichokuwa nacho ni uwanja.

Mama Nyabenda akatoa uwanja wa stoo yake Bangwe. Unapajua, pale karibu na maji, ardhi yenyewe inanuka mawese. Tulipanga mapipa matupu tukaweka mbao juu yake, hilo ndilo jukwaa. Ramso akaja na bomba halisi alilolifunga kwenye nguzo ya mti na kulichimbia chini, mbele kidogo ya jukwaa, nje ya turubai. Nilimwambia alisogeze ndani. Akasema bomba la mtaa halikai ndani.

Watu walianza kuja saa tisa. Walitoka Ujiji, Rusimbi, wengine Mwanga, wanawake na watoto migongoni, wazee wa kahawa na kofia zao. Nilikwenda kukaa kwenye kiti cha mwisho. Mwajuma alisimama jukwaani akasema neno, nikalisikia. Ila kwa juu wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, jeusi kama sufuria ya pilau.

Mvua ilikuja wakati Mzee Asanteni anatoka kwa mara ya kwanza kwenda kusimama bombani. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Kelele zake juu ya maturubai na juu ya mabati ya stoo zilifunika kila kitu. Spika nikazizima upesi. Mwajuma alikuwa anasema maneno yake mdomo unafunguka na kufungika, hakuna kinachosikika. Watu wakaanza kusogeza viti, mtoto akalia, nikaona wawili watatu wanasimama kuondoka. Nikasema kimya kimya, Bi Sauda, sasa nifanyeje. Hukunijibu. Ilibidi nitazame tu.

Na Ramso, ambaye alipaswa kubaki chini ya turubai kama mtu mwenye akili, akatoka. Akaenda kwenye mvua ile mpaka kwenye bomba lake. Akasimama. Mikono nyuma. Shingo imenyooka. Maji yanamtiririka puani na kidevuni, kanzu imemganda mwilini, na yeye anangoja kushukuriwa kwa ajili ya maji.

Kwanza alicheka mtu mmoja. Halafu nikasikia kitu nisichowahi kukisikia, kicheko cha watu wengi kikipanda juu ya kelele za mvua. Waliokuwa wamesimama kuondoka wakabaki wamesimama. Ramso akatazama bomba, akatazama mbingu. Akatazama tena bomba. Akavua kofia akalifunika bomba lisilowe. Akamkazia macho aliye juu kama anavyotazamwa mfanyabiashara mgeni aliyefungua duka mkabala na lako. Mwajuma aliona, akaacha maneno yake, akatoka na ndoo, akaikinga mvua hatua mbili tu kutoka bombani, akampita mzee bila kumtazama. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Mvua ilipopungua kidogo, mpaka sauti ikaweza kupita, Ramso akageukia watu, maji yanamdondoka, akasema kwa uchungu mkubwa:

"Ameanza kugawa bila kunitaarifu."

Nakwambia, Bi Sauda, mzee mmoja wa kahawa alidondosha meno yake ya bandia. Walimtafutia chini ya viti mchezo ukiwa unaendelea.

Tulicheza mpaka mwisho. Kwenye kile kipande cha kupita bila ndoo watu walitulia. Palikuwa na kimya kizuri, kile ulichosema hakinunuliki. Nilimtafuta Mama Nyabenda kwa macho. Hakuwa kwenye kiti cha mbele nilichomwekea. Alikuwa amekaa juu ya pipa, kati ya wanawake wanaomuuzia chikichi, kichwa chake begani kwa mmoja wao. Baadaye aliniambia ataendelea kutusaidia kila mwaka akijaliwa, na safari hii alitoa sharti: tusimwite jukwaani, wala mtu asimpe kipaza sauti. Nikamwambia sharti hilo tunaliweza.

Biashara yangu nayo imekwenda vizuri tangu siku ile, kwa sababu watu waliona maturubai yangu hayakuvuja. Nimeajiri mama wawili. Nawafundisha ulivyonifundisha. Kwenye kila harusi, kabla wageni hawajafika, mmoja wetu anakaa kiti cha mwisho. Mwezi uliopita, huko Mwanga, tulikuta bibi wa bwana harusi amepangiwa nyuma ya nguzo, asingemwona mjukuu wake siku nzima. Tulihamisha turubai zima, pilau likiwa jikoni na mama wa bwana harusi akitugombeza kwamba tunachelewesha. Bibi alipokaa, akamwona mjukuu wake anaingia, alipiga kigelegele ambacho kilimnyamazisha yule mama. Sasa ni yule yule mama anayeniletea wateja. Wenzangu wa kazi hii wanadhani nina dawa. Wanaahidi kesho, kisha wanasema kesho kutwa. Mimi nikisema saa mbili, saa mbili nipo na nyundo mkononi, na hiyo sikuipata kwenye semina ya ujasiriamali, niliipata kwako.

Tena na mimi sasa nimeonja kutoa. Wasichana wa kwetu Simbo wameanzisha kikundi chao. Nikawapelekea turubai, viti, na vitambaa. Wana mchezo wa mwizi wa kuku, wameutunga wenyewe. Mwisho wake mwizi haadhibiwi, anaoa! Nilikuwa kwenye mazoezi yao, nikafungua mdomo niwaambie kwamba hapo wamekosea. Nilishafika "Lakini jamani," wakageuka wote kunitazama, wakiwa wamevaa vitambaa vyangu, na nikaona woga unawaingia machoni. Nikauliza maji ya kunywa yako wapi.

Siku ya kuonyesha walitoa shukrani. Waliwashukuru wazazi, wakamshukuru mwenyekiti wa kijiji, wakamshukuru na mwenye kuku. Mimi walinisahau. Nilisema moyoni haidhuru, na ilinidhuru. Nilinuna juu ya pikipiki nusu ya njia. Kisha nikajiona nilivyokaa, shingo imenyooka, nikacheka kwa nguvu hata dereva akapunguza mwendo akauliza, "Dada, vipi?" Nikamwambia endesha tu. Kuhusu yule mwizi anayeoa, watu wa Simbo walimpenda kuliko wote. Mimi nilikuwa nimekosea.

Lipo jambo moja la mwisho, na ni gumu kidogo kulisema.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mazoezi, tunabishana juu ya wimbo wa kufungulia. Nikasema, kama ninavyosema siku zote, "Bi Sauda angeuweka mwishoni." Mwajuma akaweka ngoma chini. Hakukasirika. Alisema, "Yusta, mama amefariki. Na mimi ndiye niliyemzika. Wewe unaonaje?"

Niliona kwamba tangu uondoke kila uamuzi niliutia kinywani mwako. Uamuzi ukifaulu, nilisema ndivyo ulivyotaka. Ukishindwa, nilijificha nyuma ya kanga yako. Na yeye, mwanao wa kukuzaa, alikuwa anasikia jina lako linatumika kufunga mijadala kama komeo. Nikamwomba radhi. Kisha nikafikiri, na ilinichukua muda, nikasema mimi naona wimbo ukae mwanzoni, watu waingie wakiimba. Tukaujaribu. Ulikaa vizuri. Sijui kama ungeupenda.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuahidi, Bi Sauda, na ndiyo sababu nimeiandika barua hii ndefu, ili nikuage vizuri. Kuanzia mazoezi ya kesho nitasema, "Mimi naona hivi." Nikipatia, nitafurahi na wenzangu. Nikikosea, kosa litakuwa langu, hutasingiziwa ukiwa kaburini. Nitakukumbuka, nitakutaja kwenye hadithi, nitawaeleza watu ulivyokuwa unacheka bila kutoa sauti mabega yakitikisika. Lakini kazini nitakuacha upumzike. Ulifanya kazi ya kutosha.

Ijumaa tutakuja kaburini kwako na Mwajuma. Yeye atasoma dua, mimi nitaitikia amina pale ninapojua na pale nisipojua. Barua hii nitakuwa nimeshaiweka kwenye sanduku la nguo za michezo. Sitaisoma tena.

Lala, mama. Sisi tunaendelea.

Mimi, Yustina